Njooni Mkague Mabweni Usiku

Kwa Kamishna Jenerali wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.
Nakala kwa wakubwa wa elimu, kwa TAMISEMI, na kwa kila matroni mwenye ufunguo wa bweni shingoni.

Salaam, Afande. Kwa umri nilionao huenda wewe ndiye ungeniamkia, ila kwa cheo chako naanza mimi: shikamoo.

Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka 19, katika shule moja ya sekondari huku Nyanda za Juu Kusini, ambako mwezi wa sita na wa saba baridi hupenya hadi kwenye mifupa. Nimestaafu. Nafuga kuku, nauguza goti, na bado nashtuka usingizini saa tisa usiku, saa niliyozoea kupita bwenini na tochi. Jina la shule silitaji. Mengi nitakayoyasema humu niliyafanya kwa mikono yangu mwenyewe, na waliopo pale leo hawana deni nayo.

Ombi langu ni moja: mabweni ya shule yakaguliwe usiku, wanafunzi wakiwa wamelala, bila taarifa.

Najua kwamba mnakagua. Sheria yenu ya mwaka 2007 imewapa mamlaka ya kuingia kwenye jengo, kutazama kinga zake dhidi ya moto, kutoa maelekezo na kutoa cheti. Watu mtaani wanawajua kwa gari jekundu na king'ora, na maneno wanayowarushia mkifika mmechelewa nimeyasikia. Mimi nimewaona siku ambayo hapakuwa na moto wowote, nami nataka niwaeleze siku hiyo ilivyokuwa upande wetu, maana upande wenu nadhani iliandikwa kwamba mambo yalikwenda vizuri.

Barua ilitufikia wiki moja kabla: watakuja wakaguzi, na baada ya ukaguzi watatoa elimu kwa wanafunzi. Wiki hiyo hatukulala. Bweni langu lilikuwa limejengwa kwa wasichana 64, nasi tulikuwa na 108. Wale waliolala chini tuliyabeba magodoro yao tukayasukumia stoo ya chakula, nyuma ya magunia ya maharage. Matranka yaliyokuwa yamepangwa hadi nusu ya mlango wa nyuma yalipelekwa darasa la kidato cha kwanza. Khanga zilizofungwa kuzunguka vitanda vya chini, kila binti akijitengenezea chumba chake kidogo cha faragha, zilishushwa zote. Mishumaa na makopo yake nilikusanya ndoo nzima. Waya za eksitensheni, zile za kuunga kwa gundi ya nailoni, niliziviringisha nikazitupa chini ya kitanda changu mwenyewe, nikijua kabisa kwamba mkaguzi mwanamume hawezi kuinua shuka la mama mtu mzima. Na asubuhi ya siku yenyewe nilifungua kufuli la mlango wa nyuma. Lilikuwa limeshika kutu, ikabidi nilipake mafuta ya alizeti.

Akaja sajenti wenu mmoja, mtu mfupi, mpole, asiye na haraka. Alinifurahisha kwa namna alivyokagua. Hakutazama tu, aliweka mgongo wa kiganja kwenye kila soketi kusikiliza kama ina joto. Alifungua kisanduku cha fyuzi akakunja uso, kwa sababu mahali pa fyuzi moja fundi wetu alikuwa ameweka kipande cha waya wa kawaida, ili umeme "usitusumbue". Akatueleza kwamba fyuzi imewekwa ife kabla ya nyumba kufa, na sisi tumeiziba mdomo. Akaushusha mtungi wa kuzimia moto uliokuwa ukutani miaka yote, akatuonyesha mshale wa kipimo. Ulikuwa kwenye nyekundu. Akauliza nani anajua kuutumia. Kimya.

Tukatoka uwanjani. Alikuja na mitungi yake mizima, akaweka karai, akamimina dizeli na petroli kidogo, akawasha. Vuta pini. Simama upepo ukiwa mgongoni. Usilenge ndimi za moto, lenga kitako chake, pale unapokula. Bana, kisha fagia kushoto na kulia. Mpishi wetu alijitolea kuwa wa kwanza, akabana akiwa ameelekeza mdomo wa mtungi kwa makamu mkuu wa shule, na makamu akageuka mweupe kama aliyetoka kinuni. Tulicheka mpaka machozi. Sajenti alingoja kicheko kiishe, akasema jambo ambalo sikulisahau: mtungi wa mkono hautoi unga hata kwa nusu dakika, kwa hiyo ni wa moto mdogo wa mwanzo, unaotosha kwenye karai. Moto ukishapanda ukutani, mtungi uache, toka.

Baadaye tukaingia tena bwenini, na hapo ndipo penye barua hii. Alimwomba dada mkuu khanga, akajifunga machoni mwenyewe, akalala kwenye kitanda cha mwisho kabisa ukutani. Akasema, "Nipigieni kelele za moto." Wasichana wakapiga, ungedhani paa limeanguka. Sajenti akajiviringisha chini, akatembea kwa magoti na viganja, kichwa kikiwa karibu na sakafu, mkono mmoja ukigusa miguu ya vitanda, akivihesabu. Moshi wa moto hupanda juu, alikuwa ametueleza, na hewa ya kuvuta hubaki chini, kwenye kimo cha mtoto anayetambaa. Alifika mlango wa nyuma bila kugonga kitu. Akausukuma. Ukafunguka. Akasimama, akavua khanga, akatupongeza.

Wasichana 108 walinitazama, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa.

Afande, sajenti yule hakuwa na kosa. Alikagua alichokikuta, na alichokikuta kilikuwa kizuri. Tulimwonyesha bweni lisilokuwepo. Jioni ile ile matranka yalirudi, magodoro yalitoka kwenye maharage, kufuli likarudi mahali pake, na eksitensheni nikazirudisha, kwa sababu wasichana walinililia kwamba hawawezi kupiga pasi sare. Cheti kilipokuja kilitundikwa ofisini kwa mkuu wa shule. Ofisini halali mtu.

Mwaka huo huo, mwezi wa saba, moto ukaja.

Kulikuwa na mtindo ambao nilikuwa siujui. Baridi ikizidi, msichana huchukua pasi ya umeme, huipitisha kwenye shuka na blanketi kuyapasha joto, ndipo anaingia kulala. Usiku ule umeme ulikatika akiwa katikati ya kazi hiyo. Akaiacha pasi pale pale miguuni, ikiwa imechomekwa, akajifunika, usingizi ukamchukua. Umeme ulirudi saa saba hivi, watu wote wamelala. Pasi ikaanza kazi yake upya, ndani ya blanketi, juu ya godoro la sponji.

Hakuna aliyepiga kelele ya "moto". Nilichosikia chumbani kwangu ni kukohoa. Mmoja, watatu, halafu bweni zima linakohoa kama wodi ya kifua. Ndipo wakaanza kugonga mlango. Nilikuwa na kamba yenye funguo tatu: wa stoo, wa bweni, wa chumba changu. Zote zilikuwa za kufuli za aina moja, zimenunuliwa duka moja. Miaka yote nilizitofautisha kwa macho, kwa alama ya rangi ya kucha niliyoipaka. Taa zilikuwa zimezimika. Niliingiza ufunguo wa kwanza, haukugeuka. Niliuchomoa, nikaingiza mwingine, kumbe nimerudia ule ule. Upande wa pili mlango unapigwa na viganja vya watoto, sauti nazijua moja moja kwa majina. Mlinzi alifika na tochi, ndipo nikaiona rangi.

Mlango ulipofunguka, moshi ulikuwa umetanda kuanzia kifuani kwenda juu, umenyooka kama paa jingine lililoshushwa. Chini yake wasichana walikuwa wanatoka kwa magoti. Walikuwa wanatambaa, Afande, kama sajenti, mkono ukigusa miguu ya vitanda. Kidato cha tatu wawili walikuwa wamekwisha loweka blanketi kwenye ndoo ya maji ya kunawia wakalitupa juu ya kitanda kile, na moto ulikuwa umebanwa. Godoro moja, neti moja, sehemu ya neti ya jirani. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliungua kiganja. Wengi walitapika hadi asubuhi, kwa sababu moshi wa sponji una sumu. Hauhitaji ndimi za moto kumuua mtu, na aliyelala haunusi kwanza ili aamke, unamzidisha usingizi.

Hakufa mtu. Taarifa iliyoandikwa ilisema "hitilafu ndogo ya umeme". Niliisaini.

Ningependa ulitazame hilo la taarifa, ingawa si ombi langu la leo. Moto usioua huwa hauandikwi, au huandikwa hivyo tulivyoandika sisi, kwa sababu anayeandika ndiye atakayeulizwa. Shule zikiweza kuwaambia "jana usiku tuliponea chupuchupu, na chanzo ni pasi" bila mtu kusimamishwa kazi, mtajifunza mambo ambayo majivu hayawezi kuwaambia. Nyie mnajua kuhusu waya mbovu. Je, mlijua kwamba wasichana wa nyanda za juu wanapasha vitanda kwa pasi?

Sasa tazama jinsi misiba yetu mikubwa ya moto wa mabweni ilivyofuatana. Shauritanga, Rombo, Juni 1994: wasichana zaidi ya 40. Idodi, Iringa, Agosti 2009: wasichana 12. Byamungu, Kyerwa, usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba 2020: watoto 10 wa shule ya msingi. Kwa jirani zetu Kenya, Bombolulu kule Kwale mwaka 1998, kisha Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67. Uganda, Budo mwaka 2008, na shule ya wasioona ya Salama, Mukono, Oktoba 2022. Septemba 2024 Endarasha, Nyeri, wavulana 21. Vyanzo vilitofautiana. Kuna mshumaa wa kujisomea, kuna waliowasha kwa makusudi. Saa haikutofautiana: watoto wamelala. Na ukisoma habari za kila mmoja wa misiba hii, haupiti mstari wa kumi kabla hujakutana na mlango, au dirisha lenye nondo, au vitanda vilivyosongamana.

Wakenya waliandika viwango vizuri mwaka 2008. Mlango wa bweni uwe na upana wa futi tano, ufungukie nje, usifungwe kwa nje kamwe wanafunzi wakiwa ndani. Kuwe na mlango kila mwisho wa bweni na wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na nondo. Kati ya kitanda na kitanda mita 1.2. Nimeyasoma yote, hakuna la kuongeza. Miaka 16 baadaye ikaja Endarasha. Sisemi karatasi haina maana. Nasema futi tano za mlango zinapimika saa nne asubuhi, lakini kufuli la usiku asubuhi halipo mlangoni. Liko mfukoni mwa matroni.

Kwa nini tunafunga? Huenda huko makao makuu mnadhani ni ujinga. Si ujinga. Ni woga, na una sababu zake. Bweni la wasichana lisilo na uzio, lililo mita mia mbili kutoka kilabu cha pombe, lina mambo yake. Kuna usiku nimefukuza wanaume dirishani kwa mwiko wa ugali. Wazazi wakija kikao cha kwanza cha mwaka hawaulizi kuhusu moto, wanauliza, "Matroni, mnafunga?" Binti akipata mimba, anayeulizwa ni matroni. Bweni likiungua, husemwa ni mipango ya Mungu. Mtu aliyewekwa kati ya mizani hiyo atafunga, na atafunga kwa kufuli mbili.

Kwa hiyo askari wenu akija usiku na kumkuta matroni amefunga, tafadhali asianze na faini, wala asimwite muuaji. Aanze na swali: ufunguo uko wapi? Kisha amwambie afungue, taa zikiwa zimezimwa, huku yeye anahesabu sekunde kwa sauti. Basi. Matroni yeyote atakayesikia hesabu ile ikipita thelathini hatahitaji semina.

Baada ya usiku ule sikuweza kulifunga tena kufuli. Mkono ulikataa. Nilimwita seremala, akaweka komeo la mbao kwa ndani, linaloinuliwa na mtoto wa kidato cha kwanza bila ufunguo. Na juu ya mlango nikatundika kengele ya mbuzi, niliyoinunua mnadani kwa bei isiyofika nusu ya kufuli. Mlango ukiguswa inalia, nami nalala ukuta wa pili. Wiki ya kwanza walinikomesha. Waliiliza kila robo saa kwa makusudi, wananiita Mama Mbuzi. Wakachoka. Mlango wa nyuma nao niliutolea kufuli, matranka yakahamia kwenye rafu alizotengeneza fundi kwa mbao za madawati mabovu, na nikachora sakafuni kwa chokaa mstari kutoka kitanda cha mwisho hadi mlangoni. Hakuna kuweka kitu juu ya mstari, hata ndala. Mchomeleaji wa mjini alikata nondo za madirisha mawili, akazirudisha kwa bawaba, zikawa kama kilango kidogo chenye pini kwa ndani. Mwizi wa nje haioni pini. Mtoto wa ndani anaichomoa.

Mkuu wa shule alikubali kwa sharti moja, kwamba msichana akitoroka ni juu yangu. Nilikaa miaka sita zaidi. Walitoroka wawili, na wote walipitia getini, mlinzi akikoroma.

Nimeeleza haya ili usidhani naomba mabilioni. Komeo, kengele, bawaba, chokaa. Lakini sikuyafanya kabla ya kuogopeshwa, na mwenzangu wa shule ya jirani, niliyemsimulia kila kitu, aliendelea kufunga kufuli mpaka nilipostaafu. Alinisikiliza, akanipa pole, akafunga. Maneno ya matroni mwenzake hayana nembo begani. Ya kwenu yanayo.

Mtakachokiona usiku mchana hakionekani. Neti, kwa mfano. Nani angezipinga neti, na malaria tulivyo nayo? Lakini mkiingia saa tano usiku mtaona zimefungwa kwa kamba kutoka kitanda hadi kitanda, bweni lote limekuwa wingu moja jeupe la nailoni, na moto ukishika kona moja una daraja la kufika kona nyingine. Mchana zimekunjwa juu, nadhifu. Mtaona simu chini ya mito zikichajiwa, mahali ambapo simu hazitakiwi. Mtaona taa ya kibatari au mshumaa ndani ya kopo la maziwa, chini ya khanga, na binti wa kidato cha nne anasoma. Mitihani haimuulizi kama umeme ulikuwepo. Msimnyang'anye kopo na kuondoka. Mwandikieni mkuu wa shule kwamba chumba kimoja cha darasa kiwe na taa za sola hadi saa sita. Mtawaona wa kulala chini, na pale mtawahesabu, na hesabu ile ipelekwe kwa wanaopanga nafasi za wanafunzi, maana bweni la 64 lenye watoto 108 ni tatizo ambalo matroni hawezi kulitatua kwa kengele ya mbuzi.

Jikoni pia, sasa kuni zinapoondolewa mashuleni na gesi inaingia, patahitaji jicho lenu. Ila jikoni hata mchana panatosha.

Mtasema hamna askari wa kutosha, wala mafuta ya gari, na shule za bweni ni nyingi. Ni kweli. Sisi gari lenu la karibu lilikuwa makao makuu ya mkoa, na masika barabara yetu ilihitaji saa mbili, ukibahatika. Ningepiga 114 usiku ule mngekuja, sina shaka, na mngekuta mambo yamekwisha kwa namna moja au nyingine. Kwa shule za aina yetu hakuna zimamoto ya kuzima moto. Iliyopo ni ya kuzuia tu, kwa hiyo mafuta machache mliyonayo yana thamani zaidi kwenye pikipiki ya mkaguzi kuliko kwenye gari litakalofika asubuhi.

Wala si lazima mfike kila shule. Chagueni mbili tatu kwa wilaya, kila muhula, bila utaratibu unaotabirika. Sisi matroni tunazo njia zetu. Mkaguzi akiingia bweni moja saa sita usiku, kabla ya chai ya asubuhi wilaya nzima itakuwa imejua aliuliza nini, na makufuli yatakayofunguliwa siku hiyo hamtayahesabu. Leteni askari wa kike kwa mabweni ya wasichana, mnao. Aongozane na matroni, si na mwalimu wa kiume. Asiwamulike usoni. Ahesabu, aandike, agonge kengele, watoke wote, apime muda, awahesabu tena wakiwa nje kwenye mistari na mablanketi yao, awarudishe kulala. Watalalamika asubuhi kwamba walikatizwa usingizi. Waacheni walalamike.

Na zoezi la kutoka lifanyike usiku angalau mara moja kwa muhula, hata nyinyi msipokuwepo. Mchana tulikuwa tunapiga kengele wakiwa darasani, wanatoka wanacheka, tunaandika dakika mbili. Mtoto aliyeamshwa usingizini hatoki dakika mbili. Anatafuta ndala. Anatafuta rafiki yake. Wadogo hujificha chini ya kitanda au ndani ya blanketi, kwa sababu nyumbani mahali pa kujificha na kitisho ni chini ya blanketi. Hawa ndio wa kufundishwa kabla ya wote, na haiwezekani kuwafundisha saa nne asubuhi kwenye jua.

Sajenti yule sikumwona tena. Nilisikia amehamishwa. Kama bado yupo jeshini, na kama kuna namna ya kumfikishia, mwambieni lile bweni alilolipongeza siku ile lilikuwa la uongo, mimi ndiye niliyelipanga, na kutambaa kwake ndiko kulikowatoa wale watoto. Natamani angekuja usiku. Angegonga tranka la kwanza kwenye kitanda cha tatu, angetukana kidogo, na angefika mlango wa nyuma akaukuta umefungwa, nami ningesimama pale na kamba yangu ya funguo mbele ya wasichana wangu wote.

Kama ombi litakubaliwa na mkahitaji mtu wa kuwaelekeza askari wapya, goti langu bado linapanda daladala. Nitakwenda nao niwaonyeshe matroni anaficha wapi eksitensheni.

Wako mtiifu,
Matroni mstaafu, Nyanda za Juu Kusini